Unene wa Bomba Bila Kukata

Jumatatu, 4 Machi
Imefika! Rada ya kupima unene wa mabomba ya plastiki bila kuyagusa. Wimbi moja linarudi kutoka uso wa nje. Jingine linapenya, linarudi kutoka uso wa ndani, limechelewa kidogo. Kuchelewa huko ndiko kunakotoa unene. Nimeduwaa! Ijumaa bosi anateua mkuu wa chumba cha vipimo: mimi au Kalipa, fundi tuliyempa jina la kile chombo anachobania vitu kuvipima. Yeye hukata bomba kwanza. Kwisha habari yake. Kitabu cha maelekezo nimekisukumia chini ya mguu wa meza. Haitikisiki tena.

Jumanne, 5 Machi
Nimeibeba rada nyumbani, kwa majaribio. Mlango wa mbao: wimbi limepita. Sufuria: limerudi lote, halitaki kabisa kuingia! Sifongo iliyolowa: kimya, maji yamelimeza. Mbona hakuna aliyeniambia dunia iko hivi? Nikapima siagi kwenye mkate wangu na wa shemeji, kaka wa mke wangu. Yake nene mara mbili! Nikamweleza mke wangu, kwa ushahidi. Akasema kuanzia kesho nijipakie mwenyewe.

Jumatano, 6 Machi
Mabomba yanayotakiwa kuwa milimita sita yanasoma tisa! Miaka yote tunatupa plastiki bure. Mashine ilitaka kwanza namba ya nyenzo, yaani bomba ni la kitu gani, nikaruka. Kwani haina macho? Nikamkimbilia bosi. Ameamuru plastiki ipunguzwe kwa theluthi, akanipiga bega. Nimemwambia mke wangu aanze kuniita Mkuu. Bado hajaanza.

Alhamisi, 7 Machi
Mabomba mapya: sita kamili. Kalipa akakata kipande, akasema ni nne. Nikamwambia chombo chake kimezeeka, kama mwenyewe. Akasema basi kesho tulijaze bomba moja maji kwa nguvu tuone. Nimekubali. Bosi nitamsimamisha karibu kabisa, asikose kitu.

Ijumaa, 8 Machi
Limepasuka. Bosi amelowa mpaka soksi. Mkuu ni Kalipa. Roho inaniuma, sifichi. Kumbe ndani ya plastiki wimbi hutembea polepole. Nisipoweka namba, rada hudhani ni hewa tupu na kuona unene usiokuwepo. Namba ya plastiki ni moja na nusu. Utamu ulioje! Nilimuuliza Kalipa alijuaje. Eti alikichomoa kitabu wakati wa chakula, akakisoma, akakirudisha chini ya meza.

Jumamosi, 9 Machi
Shemeji ni fundi vioo. Ameomba nimpimie kioo kilichokwisha kufungwa kwenye dirisha la duka, akate kingine cha unene uleule. Safari hii sikosei: nimeweka moja na nusu. Mke wangu akauliza tangu lini kioo kikawa plastiki. Nikamwambia, mama watoto, namba ni namba. Shemeji ameshaanza kukata.
Kitabu nimekuja nacho nyumbani. Nimekipima pia: milimita nne. Kinaingia barabara chini ya mguu wa kitanda.