Kinga Yangu Inapima Mulima

Siku ya kwanza (jumatatu), 4/11/2024
Proje ya kulinda mashamba imefika hapa kambi ya Mantapala na ba Suwilanji, injeniya wa mayi. Iko na tableti. Ndani, mulima yetu imepakwa rangi: nyekundu kwenye inateremuka sana, bleu kwenye mayi inapita. Anasema tujenge kuta tatu za mawe kule juu, nyuma ya kanisa, mayi ipunguze mbio mbele ya kufika mashamba. Nikamuuliza kama tableti ilikwisha kutembea kule na miguu. Batu bakacheka. Yeye pia. Mais kazi ya kubeba tableti akamupatia Davison, jirani yangu. Davison! Mutu anapoteaka njia ya choo yake mwenyewe.

Muke yangu Deborah hakucheka. Mwaka jana mvua ilikula mistari sita ya muhogo yake. Akasema ikikula tena, anaenda kwa dada yake Chienge, mimi nitabaki nakula matope.

Siku ya tatu (jumatano), 6/11
Nimefikiri. Kuta za juu zitamusaidia Davison, shamba yake iko karibu. Sisi tuko chini kabisa. Donc nipime mulima mwenyewe. Mayi inateremuka, kinga inateremuka: kitu kimoja. Kinga yangu ni baiskeli ya kubebea samaki, haina breki tangu ilipogonga kibanda ya soko Nchelenge. Nikafunga nyuma gunia mbili za muchanga, uzito ya mayi. Nikapanda mpaka kanisa, nikaachilia bila kupiga pedale. Ikanipeleka mpaka kwa mupera, kando ya nyumba. Nikarudia mara makumi tatu, juu ya science. Mwishoni nilikuwa sishike ata gido, usukani yake. Ilijua njia yenyewe.

Davison akauliza kama pasta ananifukuza kila saa.

Siku ya posho (jumamosi), 9/11
Mawe ya proje imelala kule juu, inangoja. Wakati Davison na benzake banakula bukari, nimeishusha na kinga, safari makumi mbili, njia ile ile. Nimejenga ukuta yangu hapa kwa mupera. Inapendeza. Kiziba ya mayi nyuma ya ukuta ikijaa, nitatia samaki. Deborah akauliza kama injeniya anajua. Nikamuambia injeniya atajifunza.

Siku ya yenga (jumapili), 10/11
Mvua katikati ya mahubiri. Nikakimbia kutazama. Mayi ilitoka kwa kanisa, ikaingia njia ya kinga yangu kama mutu anajua kwenye anaenda. Nilipima vizuri kabisa. Ikafika kwa ukuta, ikasimama kidogo, ikageuka kushoto, ikaingia muhogo ya Deborah. Mistari kumi na ine. Deborah alisimama kwa mulango na Biblia mukononi. Akahesabu mistari na kidole. Heri angenitukana.

Siku ya kwanza (jumatatu), 11/11
Injeniya amerudi. Toka kanisa mpaka kwangu kuko mufereji mupya, inafika magoti. Akauliza nani alichimba. Davison akajibu mbele ya batu yote kwamba haikuchimbwa, iliendeshwa. Bengine bakakaa chini juu ya kicheko. Ba Suwilanji akanieleza pole pole: tairi inapita pale pale, udongo inashuka, mayi inapata barabara. Nirudishe mawe juu, nijaze mufereji, nipande majani.

Deborah ameenda Chienge. Na kinga. Ameacha neno: mufereji ikijaa udongo, anarudi kupanda muhogo. Isipojaa, nisimufuate.

Siku ya tatu (jumatano), 13/11
Kubeba mawe na kichwa, hapana. Nimeazima buruweti, toroli ya Davison. Mais kwanza inafaa kujua mayi itapita wapi mufereji ikifungwa. Nimejaza muchanga, nimeteremuka nayo upande ingine ya kanisa mara makumi ine. Kosa ya kinga nimeielewa: tairi mbili. Buruweti iko na moja. Mayi itakuja nusu tu.

Deborah akirudi, atashangaa.