Wiki Sita kwa Siku Sita

Jumatatu, 3 Juni

Mimi si mvivu! Ninayo karatasi. Daktari ameandika kwa mkono wake: hapa shingoni kuna tezi inayotengeneza homoni, na yangu imelala. Ndiyo maana nasikia baridi wenzangu wakitoka jasho. Ndiyo maana nasinzia juu ya geti la mteja ninalolichomelea, na moyo mzito kila siku kama wa mfiwa. Anasema wengi wa namna yangu hudhaniwa wameugua akili, kumbe tezi.

Nikakumbuka maziko ya mama. Miaka minne sasa. Sikusema neno, sikutoa chozi, nikasinzia kitini kaburi likifukiwa. Kaka yangu, mwalimu, aliniita gogo mbele ya ukoo mzima. Hatujasemezana tangu hapo. Na Jumapili hii anakuja! Mke wangu kambembeleza mwaka mzima.

Nimepewa vidonge arobaini na viwili. Kimoja kila asubuhi kabla ya kula. Nafuu baada ya wiki sita. Wiki sita! Kaka anakuja baada ya siku sita.

Jumanne, 4 Juni

Hesabu imekubali. Kazi ya fundi mmoja kwa siku saba, mafundi saba huimaliza kwa siku moja. Nimeendesha karakana yangu miaka kumi na tisa kwa kanuni hiyo, na hakuna aliyenifundisha. Basi vidonge saba kwa siku. Kila asubuhi nameza wiki nzima. Jumapili nitakuwa nimepona, hakibaki hata kimoja.

Nilimdokeza mke wangu. Akasema vidonge si vibarua. Eti nimwonyeshe kaka karatasi tu, msomi yule, ataielewa. Hajui! Gogo halijitetei kwa karatasi. Gogo lisimame, litembee, watu walione. Nikamwambia natania. Chupa nimeihamishia karakana, kwenye kopo la misumari.

Alhamisi, 6 Juni

Injini imewaka! Mapigo ya moyo 112 kwa dakika, nimeyahesabu kwa saa ya ukutani. Nimechomelea mageti mawili kabla ya saa nne asubuhi. Nimekula mara tano na bado suruali inanivuka. Mke wangu anasema naongea kama redio iliyotiwa betri mpya. Nimeshukuru. Akasema hakuwa ananisifu.

Ijumaa, 7 Juni

128. Mikono inatetemeka kidogo. Ni nguvu tu, zinatafuta pa kutokea.

Geti la zahanati nimelitia bawaba pande zote mbili. Halifunguki. Ila ni imara mno! Mteja akasema yeye aliagiza geti, ukuta anao. Nikamfokea mpaka mafundi wa jirani wakazima mashine zao wasikilize. Kisha nikaketi chini nikalia. Mama yangu sikumlilia. Nimelilia geti.

Jumapili, 9 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Kaka alifika saa nane mchana. Nywele zimekuwa nyeupe zote, nami sikuwapo zikigeuka. Aliketi, akashika kikombe, akaanza polepole. Alisema, mdogo wangu, siku ile ya mama huenda nilivuka mpaka. Nusu ya msamaha ilikwisha kutoka mdomoni mwake! Ningenyamaza dakika mbili tu. Dakika mbili!

Sikuweza. Moyo unakimbia, miguu haikai. Niliizunguka meza mara kumi na moja. Nilimwambia anaongea kama mtu anayesahihisha madaftari, amalize upesi. Nilimwambia yeye alipewa darasa, mimi nikapewa nyundo. Nikaipiga meza kumwonyesha nyundo ilivyo, chai yote ikammwagikia kifuani.

Alisimama, akajipangusa. Akasema afadhali lile gogo, lilikuwa linakaa na watu.

Nilimfuata mlangoni, nikaanguka. 141. Karatasi ilikuwa mfukoni mwa shati muda wote, imelowa jasho. Sikuitoa.

Jumatatu, 10 Juni

Kitanda cha hospitali. Daktari aliuliza nimemeza vingapi. Nikampa jibu safi: saba mara sita. Akaweka kalamu chini.

Anasema moyo ungeweza kusimama. Tezi haipokei kazi ya jumla, na dawa hii hujikusanya mwilini. Ubongo nao unaitegemea homoni hiyohiyo. Ikipungua, mtu anazama. Ikizidi, anakuwa kama nilivyokuwa: halali, hatulii, analia na kufoka kwa pumzi moja. Kwa hiyo aliyemfokea kaka, kwa sehemu, ni vidonge.

Nikauliza sehemu gani. Asilimia ngapi? Akasema hakuna kipimo cha hilo. Nimelala nimegeukia ukuta. Asilimia sabini ningeipokea. Hata hamsini.

Jumapili, 16 Juni

Nimerudi nyumbani. Mapigo 84. Vidonge vimesimamishwa mpaka damu ipimwe tena, na safari hii vipya vitakaa kwa mke wangu.

Yeye ndiye aliyempelekea kaka karatasi. Anasema kaka aliisoma mara mbili, akauliza kama ninakula vizuri. Akauliza kama ninakula! Nilitoka nje kidogo.

Mke wangu ananisihi nisiharakishe. Kidonda kipewe nafasi. Nimpigie simu kila Jumapili, salamu fupi basi, na baada ya Jumapili sita hivi huenda akaja mwenyewe.

Nimempigia leo hii. Simu ya kwanza alipokea, sauti ya chini, akanipa pole. Ya pili alishukuru. Ya tatu alisema yuko mezani. Ya nne aliuliza kama kuna dharura. Ya tano alipokea mkewe. Ya sita simu ilikuwa imezimwa, lakini nimeihesabu.

Jumla sita. Nimemwambia mke wangu atandike kitambaa kizuri mezani, kaka anakuja kesho.