Malango Mawili, Kalavati Moja

Jumatatu, 9 Juni 2025

Padre Venance alikuja jana na komunyo ya wagonjwa. Alinitazama usoni, akatazama miguu yangu, akasema ni vema nianze kujiandaa. Sikuuliza kujiandaa kwa nini. Nina miaka themanini na moja, mwalimu mkuu mstaafu, magoti mabovu, moyo unarukaruka kama mbuzi. Nikamweleza kwamba tatizo langu ni kusahau: nikifika maungamoni nakumbuka dhambi za watu wengine tu. Akashauri niandike zangu kila siku, zikiwa bado mbichi. Basi naandika.

Dhambi ya leo: wivu. Maelezo ni haya.

Greda lilipita mwezi uliopita. Barabara imekuwa pana, changarawe safi, hilo nakiri. Lakini wamechimba mtaro, na mtaro umepita mbele ya lango langu, kina chake kifuani pa mtu mzima. Lango langu linafungukia hewani! Nyuma ya nyumba ni bonde. Jirani yangu Nshoma naye amechimbiwa, ila yeye ametandika magogo ya mkaratusi juu ya mtaro wake, na sasa kila anayetoka kwangu hupitia uani kwake. Nami pia. Kila nikipita anasimama. Shikamoo, Mwalimu. Karibu upumzike, Mwalimu. Anatoa na kiti! Huyu Nshoma nilimfundisha darasa la nne miaka miwili mfululizo, kwa sababu mmoja haukutosha.

Mtendaji wa kijiji ametangaza kwamba kwa upande wetu wa mlima limebaki kalavati moja, bomba la zege la kulaza mtaroni ili watu wavuke juu yake. Malango yaliyobaki ni mawili, lake na langu. Ijumaa injinia wa wilaya anakuja kutusikiliza na kuamua ni lango gani lenye shida zaidi.

Watu wanadhani nagombania kalavati. Mimi nawaza jeneza. Marehemu mke wangu yuko makaburini kigangoni, nami nitapelekwa huko. Nikifa leo nitapitishwa uani kwa Nshoma, kando ya banda lake la nguruwe, naye atasimama pale akisema karibuni, karibuni, piteni. Nimemwambia binti yangu Theodosia kwamba sitapita mbele ya nguruwe nikiwa siwezi hata kugeuza uso. Akajibu, huku akimenya ndizi, kwamba basi baba usife mpaka bajeti ijayo.

Jumanne, 10 Juni

Mpango wa kwanza. Mtendaji alisema watakaofikiriwa ni wazee, wagonjwa na wenye biashara. Mzee yupo, ni mimi. Biashara sina. Nimefungua.

Nimetundika bango langoni: DUKA LA MWALIMU. Herufi kubwa, mwandiko wa ubaoni. Bidhaa nimechukua jikoni: chumvi, sabuni, viberiti. Lengo: wateja wasimame ng'ambo ya mtaro, washindwe kuvuka, walalamike kwa sauti, habari imfikie injinia.

Asubuhi yote ilikwenda vizuri. Hakuna aliyenunua kitu. Kisha Nshoma akaliona bango. Akasimama barabarani akawaita watu, jamani Mwalimu amefungua duka, tumuunge mkono, piteni kwangu! Walipita. Mchana duka likawa tupu. Nshoma mwenyewe alinunua sabuni ya mwisho na kunipongeza kwa moyo wa kujituma katika uzee.

Theodosia alirudi kutoka shambani akakuta hakuna chumvi. Chakula cha jioni: maharage yasiyo na chumvi. Amesema mwenye duka ale mtaji wake.

Dhambi: hila. Ndogo tu, maana haikufaulu.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda kumpeleleza Nshoma. Nilikaa kwenye kile kiti. Nguruwe walinitazama.

Nikamuuliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, atamwambia nini injinia. Akasema atamwambia kalavati liwekwe kwa Mwalimu, kwa kuwa Mwalimu ni mtu mzima na magogo yanateleza mvua ikinyesha. Alisema hivyo akinitazama machoni, bila kupepesa.

Mjanja! Sikujua amefika kiwango hicho. Injinia atamwona mkarimu, ataguswa, atampa yeye. Darasa la nne hakuwa na akili hii. Nimeaga mapema. Nimejikwaa kwenye gogo, akanishika mkono. Hata hilo huenda lilipangwa.

Namwambia Theodosia, anasema labda Nshoma anamaanisha anachosema. Binti yangu ana moyo mzuri. Amerithi kwa mama yake.

Dhambi: kumdhania jirani mabaya. Lakini naiandika kwa penseli, ikija kuthibitika kwamba ni kweli nitaifuta.

Alhamisi, 12 Juni

Nimepata! Ngobyi!

Bodaboda zimejaa hata huku Kibimba, lakini mlimani kwetu mgonjwa wa kweli bado hubebwa kwa ngobyi, machela yetu ya kusuka, watu wanne mabegani. Kila nyumba imo katika kikundi. Mwenyekiti wetu ni Philbert, fundi seremala. Akipuliza filimbi, wanakuja.

Kesho injinia akifika langoni kwangu, mimi nitazidiwa. Philbert atapuliza. Wabebaji watapita kwa Nshoma kuingia, lakini nitakataa kutolewa huko, nitasema nataka lango langu, mgonjwa habishiwi. Watanibeba hadi ukingoni mwa mtaro. Watakwama. Injinia ataona kwa macho yake mzee wa watu amenaswa kati ya kitanda na zahanati. Kama ana mzazi, atalia.

Nimemwambia Philbert ajiandae kesho asubuhi, najisikia vibaya. Akashangaa kwamba naijua leo siku nitakayozidiwa. Nikasema umri huu mtu anausikia mwili wake. Akaitikia kwa heshima. Theodosia alisubiri aondoke, ndipo akasema kwamba ninaudanganya mgongo wa watu. Nikamwambia ni mabega, si mgongo. Akatoka nje akafunga mlango kwa nguvu.

Dhambi: uongo kwa kikundi kizima. Nitaiungama Jumamosi, kalavati likishapatikana.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika kitandani. Kila kiungo kinauma, maana nimetikiswa kama maziwa kibuyuni.

Injinia ni binti mdogo anayeitwa Happy, fulana ya rangi ya chungwa, futi ya kupimia mkononi, shikamoo nyingi. Alifika na Mtendaji. Nikaanza kugumia. Theodosia, uso umekunjamana, akamwita Philbert. Filimbi. Wakaja wanne, wote wazee, niliowazidi umri kidogo tu, jambo lililonifurahisha. Wakanifunga kwenye ngobyi, wakanibeba hadi langoni. Wakasimama. Wakatazama mtaro. Philbert akasema haiwezekani. Nikasikia Injinia Happy akisema, jamani, mzee wa watu!

Nilikuwa nimeshinda. Nimelala chali, naona mawingu, nimeshinda!

Nilisahau kitu kimoja ambacho mtoto wa chekechea hapa kwetu anakijua, na ambacho nimekifundisha darasani miaka yote. Ukikutana na ngobyi hupiti. Uwe nani, uwe unakwenda wapi, unatua mzigo wako na unatoa bega. Katika hesabu zangu niliwahesabu wabebaji wanne tu. Barabara nzima sikuihesabu.

Wa kwanza alikuwa Nshoma. Alikuja mbio bila viatu akipiga kelele, Mwalimu wangu, Mwalimu wangu! Akatazama mtaro, akageuka, akaanza kung'oa magogo yake kule kwake, akayaburuta hadi kwangu, akayatandika mbele ya lango langu. Wakajitokeza vijana wawili wenye baiskeli za ndizi. Dereva wa greda. Mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Biharamulo, akawafunga mbuzi wake kwenye bango la duka langu. Mtendaji akavua koti. Injinia Happy mwenyewe akaweka futi chini, akashika mti wa nyuma.

Nikasema niacheni, nimepata nafuu. Philbert akawaambia wenzake kwamba sasa anaweweseka, fanyeni haraka.

Nikavushwa kama trei ya mayai. Watu wakashangilia. Nikasema nirudisheni ndani. Hapana! Ngobyi ikishatoka haigeuki hadi imfikishe mgonjwa kwa mganga. Hilo nalo niliwahi kulifundisha.

Njia nzima walipokezana, na kila aliyeweka bega aliulizwa anamjua mgonjwa, na kila mara Nshoma ndiye aliyejibu: huyu ndiye aliyenifundisha kusoma. Mlimani alikataa kupokewa. Nilimwona shingo yake ikitoa jasho. Nilifumba macho.

Tabibu wa zahanati alinipima kila kitu. Akasema moyo wangu una umri wake lakini unafanya kazi yake, presha nzuri, na maumivu yatakuwa ni gesi ya maharage. Alisema hivyo kwa sauti, mlango ukiwa wazi. Nje, wabebaji walikuwa wamekaa chini wakijipepea. Walimshukuru Mungu. Wote! Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali. Ingekuwa afadhali wangeuliza.

Jumamosi, 14 Juni

Mtendaji ameleta uamuzi. Kalavati limekwenda kwa Nshoma.

Sababu: injinia ameshuhudia kwamba lango la Mwalimu lina daraja la magogo lililobeba mgonjwa na watu wengi bila kuyumba. Lango la Nshoma halina chochote, na nguruwe wake hawawezi kwenda sokoni. Kazi itaanza Jumanne.

Nikasema magogo ni ya Nshoma. Mtendaji akasema Nshoma ameshasema nibaki nayo.

Kisha Theodosia akaniambia lile alilokuwa amelishika tangu jana. Kabla filimbi haijapulizwa, yeye alikuwa barabarani. Nshoma alikuwa ameshamwomba injinia aweke kalavati kwa Mwalimu. Injinia alikuwa ameshakubali. Kigingi chekundu kilikuwa kimeshapigiliwa mbele ya lango langu. Baada ya ngobyi kuondoka, ndipo walipoona kwamba wamekikanyaga, wakapima upya.

Nikamuuliza kwa nini hakuja kuniambia. Akasema alikuja, mimi nikamwamuru anyamaze nisipoteze mpangilio wa kugumia.

Jioni Padre Venance. Niliungama yote, mpaka duka. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, mabega yakitikisika. Nadhani alikuwa akisali. Alikuwa amekuja na mafuta ya wagonjwa. Nilipomweleza majibu ya zahanati aliyarudisha mfukoni. Malipizi: nivuke magogo yale kwa miguu yangu, niende kwa Nshoma, nikae kwenye kiti chake, niseme asante. Nikauliza kama naweza kusali rozari badala yake, hata tatu. Akakataa.

Ile dhambi ya penseli, ya Jumatano, nimeiandika upya kwa wino.

Jumapili, 15 Juni

Nimevuka. Theodosia upande mmoja, mkongojo upande wa pili. Nshoma aliniona akasimama. Shikamoo, Mwalimu. Marahaba. Kiti. Nikakaa. Nikasema asante. Ilitoka vibaya, kama mfupa ulionasa kooni, lakini ilitoka.

Alileta rubisi, pombe yetu ya ndizi, tukanywa. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba jana aliyajaribu yale magogo. Alimwita Philbert na watu wengine watano, wakabeba juu yake boriti ndefu iliyolowa maji, mabegani, hatua kwa hatua, kutoka lango langu hadi barabarani. Gogo moja lililia, akalibadilisha. Sasa, alisema, watu sita na mzigo mrefu wanapita bila wasiwasi, na huku kwenye nguruwe hawahitaji kufika. Amepigilia pia ubao wa kuzuia mguu usiteleze.

Hakusema mzigo gani. 

Mimi sikuwahi kumwambia habari ya nguruwe. Nilimtazama Theodosia, akaanza kusifia rubisi.

Nilipitia kichwani maisha yangu yote ya darasani. Huyu mtu nilimrudisha darasa la nne. Nimerudi nyumbani nikashindwa kula, na maharage yalikuwa na chumvi. Naweza kufa sasa, nikatoka kwa lango langu. Padre akija nitamwambia niko tayari.

Dhambi ya leo: hakuna. Mara ya kwanza.

Jumanne, 17 Juni

Lori limeleta kalavati. Nimeliona kutoka dirishani. Zege safi, duara kamili, namba imeandikwa ubavuni. Limekaa kwa muda barabarani, karibu zaidi na kwangu kuliko kwa Nshoma. Injinia Happy yupo. Bado hawajachimba.

Nimefikiri. Uamuzi ulitegemea kitu kimoja: kwamba mimi nina magogo. Nisipokuwa na magogo, hauna mguu wa kusimamia. Nshoma mwenyewe hapo mwanzo alitaka nipewe mimi. Kwa hiyo nikilipata nitakuwa nimetimiza nia yake. Ni namna ya kumshukuru!

Nimejaribu kusukuma gogo moja kwa mkongojo. Mkongojo umevunjika. Gogo halikutikisika, amelipigilia vizuri mno.

Wanahitajika watu wenye nguvu. Nimemwambia Theodosia akamwite Philbert, nimezidiwa. Wakifika nitatoa ombi la mwisho: niuone mtaro kama ulivyokuwa, bila magogo. Ombi la mwisho halikataliwi. Theodosia ameniuliza kama kuna lolote nililojifunza wiki hii. Nikasema ndiyo. Ijumaa nilianza kugumia mapema mno.

Ametoka, mkono mdomoni. Bila shaka ni huzuni.

Filimbi. Wanakuja. Nasikia miguu juu ya magogo, mingi, na mmoja umewatangulia wengine wote, peku, na sauti inauliza Mwalimu wangu yuko wapi.

Naficha daftari chini ya mto. Nalala chali. Naanza.