Mashapo, Inukeni!

Jumatano, 4 Machi
Mjomba amepika bia nyeusi ya mtindo wa Kibelgiji nyuma ya karakana yake. Mwaka mzima wa majaribio! Jumamosi mwenye hoteli anakuja kuionja. Akiipenda, itaingia hotelini. Anatakiwa mtu wa kuimimina na kuieleza. Jukwaa! Nilijitolea kabla Mjomba hajamaliza sentensi. Akauliza kama najua lolote kuhusu bia. Nikamjibu kwamba ulimwengu umebadilishwa na wasiosubiri kujua. Akashusha pumzi. Binamu yangu, anayejiita Mtaalamu tangu asome kijitabu kimoja, naye anaitaka kazi hiyo.

Alhamisi, 5 Machi
Mazoezi ya kuonja. Mtaalamu akazungusha glasi, akatumbukiza pua, akadai anasikia zabibu kavu na karafuu. Porojo za mabwanyenye! Nikaigugumia yangu kwa mkupuo mmoja, kuonyesha msimamo. Nikasikia zabibu kavu na karafuu. Sikusema.
Mjomba akaonya: chupa isitikiswe, imiminwe taratibu, mashapo ya hamira yabaki chini. Nikauliza, kwa amri ya nani? Akasema, yangu, mpwa wangu.

Ijumaa, 6 Machi
Nimetafakari. Ni hamira iliyokula sukari, ikazaa kilevi, povu na harufu. Ujira wake? Kuachwa chini ya chupa! Hotuba imejiandika yenyewe. Mtaalamu kapata mafua, hasikii harufu yoyote. Kazi ni yangu. Mama kaniambia nisivae ile fulana nyekundu. Nitaivaa.

Jumamosi, 7 Machi
Nilihutubu kwa ufasaha. Nilipofika penye "Enyi mlio chini, inukeni!" niliitikisa chupa kwa mikono miwili, nikaifungua. Yakainuka. Hadi darini. Hadi kwenye shati jeupe la mgeni. Mjomba akanikabidhi tambara. Mtaalamu, huku akipiga chafya, akamimina chupa nyingine polepole. Mgeni akaonja, akafumba macho, akaomba tena. Bia imekubaliwa! Kwa sharti moja: mimi nisiiguse mbele yake. Mtaalamu sasa ananiita Komredi Povu.

Jumapili, 8 Machi
Naosha chupa. Mjomba anasema shida yangu ni mdomo. Nimelichambua suala hili kwa utulivu: shida ilikuwa chupa moja. Ukombozi hauji kwa chupa moja! Kesho makreti yote yanapelekwa hotelini. Nimeomba kuyabeba mimi, hadi mlangoni tu. Mjomba kafurahi sana, eti nimejirekebisha.
Nitakwenda nikirukaruka.