Yah: Kiti Changu Kuitwa Taka

Mwalimu Mkuu, Mwalimu Benson,
Shule ya Msingi ya hapa kijijini,
Kinyangiri, Mkalama.

Ndugu Mwalimu Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini hujambo, walimu hawajambo, na lile paa la darasa la nne bado halijaondoka na upepo. Sisi huku ni wazima, ila hatuna pa kukaa.

Mimi ni Chediel, mkulima wa alizeti, balozi mstaafu wa nyumba kumi, na baba yake Asnath wa darasa la sita. Naandika kuomba, kwa heshima na taadhima, usimamishe mara moja somo la Mwalimu Redempta la kutengeneza vitu vipya kutokana na taka za plastiki. Sina ugomvi na Mwalimu Redempta mwenyewe. Ni binti mwenye adabu, hunipa shikamoo hata nikiwa ng'ambo ya barabara na upepo unavuma. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Taka zimekwisha. Zamani mtu alikunywa soda yake, akatupa chupa, akaenda zake. Sasa ukifungua chupa tu, watoto wanajipanga mbele yako kimya, mikono nyuma, wanatazama koo lako. Jumapili iliyopita nilinunua maji pale sokoni nikayamaliza kwa mkupuo mmoja kwa aibu, wakati sikuwa na kiu kiasi hicho. Nasikia sasa wana mtu wao mpaka Misigiri, dereva wa gari la vitunguu, anayewaokotea chupa za kule. Kijiji kimekuwa kisafi mno, mgeni akija anadhani tumehama.

2. Mwalimu Redempta aliajiriwa kufundisha stadi za kazi, lakini ameingilia na Kiswahili. Amewaambia watoto kwamba taka ni kitu ambacho mwenyewe hakitaki. Kwa hiyo kabla ya kuchukua kitu chochote, mtoto lazima amuulize mwenyewe kama anakitaka. Akisema hakitaki, basi hiyo ni taka. Darasani inapendeza. Lakini majumbani mwa watu, Mwalimu, neno "sitaki" lina kazi nyingi. Mke wangu Sara hataki kuniona kila ninaporudi mnadani bila chumvi aliyoniagiza, na jioni ananipakulia ugali kama kawaida. Mimi mwenyewe nimetamka mbele ya mashahidi kwamba simtaki shemeji yangu Anselm, na hakuna mwanafunzi aliyekuja na msumeno.

3. Sasa nafika kwenye kiti. Kilikuwa cheupe, cha plastiki, cha mikono miwili. Nilikinunua Singida mjini dukani kwa Bwana Sadrudin, ambaye alinihakikishia kitadumu maisha. Hakusema maisha ya nani. Mguu mmoja ulikuwa umefungwa waya, na kwenye kikalio palikuwa na ufa unaokusubiri utulie ndipo ukufinye. Siku hiyo ulinifinya pajani mpaka nikasahau kwamba niliwahi kuwa balozi. Asnath, kwa adabu zote, akaniuliza kama kiti hiki ninakitaka. Nikamwambia sikitaki hata kukiona. Nikaenda shamba. Niliporudi, sikukiona.

4. Heshima yangu imeshuka, na nina maana ya kushuka kwenda chini. Kwenye kiti kile nimesuluhisha mipaka ya mashamba, mahari na mbuzi wa watu. Tunacho kiti kingine, cha bluu, lakini hicho ni cha wageni, bado kina nailoni yake ya dukani, anakikalia mchungaji peke yake. Kwa hiyo nimebaki na gunia. Majirani wawili walikuja na kesi ya mbuzi, wakanitazama kule chini kwenye gunia, wakaoneana haya, wakapatana wenyewe kabla sijafungua kikao.

5. Ungedhani kiti changu kimekuwa ufagio au sanduku la kalamu, kama walivyofanya kwa chupa. Hapana. Wamekitoboa katikati tundu la duara kwa kisu cha moto. Ukingo wameuzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli ili usikwaruze. Ule mguu mbovu wameukaza kwa chupa zilizoshindiliwa mchanga, wakazifunga kwa kamba waliyoichana kutoka kwenye chupa nyingine, na kamba hiyo, nimeijaribu, haikatiki. Halafu wakakibeba mpaka kwangu wakiimba, wakakiweka msalani, juu ya shimo, kwa ajili ya mama yangu mzazi, Bibi Rebeka, ambaye magoti yake hayamruhusu tena kuchuchumaa. Kiti cha usuluhishi, Mwalimu. Na lile duara lililokatwa sikurudishiwa, limekuwa kifuniko cha mtungi wa maji wa darasa la tatu.

6. Madhara yake ndiyo hayo. Zamani mama aliniita kutoka uani, namwacha mtu na kesi yake, naenda namshika mikono, tunazungumzia mvua huku nikitazama pembeni, sote wawili tukijifanya hatuko pale. Sasa haniiti. Anakwenda mwenyewe na fimbo yake, anafunga mlango, na huko ndani anaimba nyimbo za kwaya. Isitoshe, majani ya chai yanakwisha. Alikuwa anakunywa nusu kikombe, na mimi nilidhani ni uzee. Kumbe alikuwa anajinyima asije akatusumbua. Jambo hili limeniuma sana, na naliweka kwenye malalamiko kwa sababu sijui pa kuliweka kwingine.

Kwa hiyo naomba somo lisimame, watoto warudi kwenye ngonjera, na mimi nirudishiwe kiti changu kikiwa na kikalio kizima, ufa wake ukiwemo. Tumezoeana.

Nisalimie walimu wote, mpishi wa uji, na kamati ya shule ambayo nayo sijui inakalia nini.

Wako katika ujenzi wa taifa, kwa sasa nikiwa nimesimama,

Chediel

N.B. Nilipomaliza kutia saini, alifika mama yake Mathayo, jirani yetu, ambaye ni rika moja na mama yangu na magoti yao ni rika moja. Walishikana mikono wakaenda uani kukitazama kiti. Mama yake Mathayo aliingia, akafunga mlango, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka alikuwa anajifuta macho kwa kitenge. Aliomba chai, akanywa kikombe kizima.

Asnath anakuletea barua hii pamoja na kile kiti cha bluu. Mchungaji nimeshamwarifu kuhusu gunia. Mwambie Mwalimu Redempta tundu liwe kama la kwanza, na asihangaike kutuma mtoto kuja kuniuliza. Sikitaki.