Redio Mafungoni

Ijumaa, 7 Machi

Nimefika nyumba ya mafungo, juu kidogo ya Irente, Lushoto. Siku tatu bila kuongea! Mimi Benjamini, ambaye walimu wenzangu shuleni wananiita Redio. Lakini nina mpango. Jumatatu Mzee Sefania anajibu barua yangu ya posa. Alimwambia mjomba wangu kwamba binti yake Esteria haolewi na redio. Na nani yuko hapa mafungoni? Mzee mwenyewe! Atajionea kwa macho yake nilivyo mtulivu. Kasoro moja tu: Valentino wa kwaya naye yupo, na naye anammezea mate Esteria. Msimamizi, Mama Selina, amekusanya simu na kutusomea masharti. Kengele ya jioni ikilia, midomo inafungwa.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi nimekutana na Mzee barazani. Akasimama. Akasubiri. Nikaweka kidole mdomoni, nikatabasamu, nikapita. Ushindi! Mara nikasikia nyuma yangu Valentino anampa shikamoo. Mvunja sheria huyo! Mchana mbio kwa Mama Selina na karatasi ya mashtaka. Akanijibu kwa kalamu nyekundu: salamu si maongezi, shikamoo haikatazwi popote, na je, mimi nimelelewa wapi?

Jamani! Nilishampita Mzee mara nne. Mara nne! Nikaandika kikaratasi: shikamoo Mzee, mara nne. Nikakipenyeza chini ya mlango wake. Kikarudi hapo hapo: "Marahaba, mwanangu." Mwandiko wa Valentino. Nilikosea mlango. Na tumezaliwa mwaka mmoja!

Jumapili, 9 Machi

Mzee kahama meza ili asikae nami. Esteria ananiponyoka hivi hivi, naona.

Saa nne, sala ya kimya kanisani. Watu wote wamefumba macho, mvua tu juu ya bati. Nikashindwa. Nikasimama nikasema shikamoo Mzee! Na ya jana barazani, shikamoo! Na ya pale bombani! Nikaona nieleze na habari ya kidole. Halafu ya mlango. Halafu ya barua, na jinsi Esteria anavyocheka mpaka machozi. Kengele ya kumaliza sala ikanikuta bado naendelea. Mzee akafumbua jicho moja, akaitikia marahaba moja kwa zote.

Jumatatu, 10 Machi

Kimya kimefunguliwa, simu tumerudishiwa. Mzee kaniita bustanini. Akasema mtu asiyesalimia asingempa hata kuku amfugie. Ila anayekubali kuaibika mbele ya kanisa zima kwa ajili ya shikamoo, huyo kalelewa. Barua imekubaliwa! Nimelia, sifichi. Sharti moja: nisimwambie mtu hadi Jumamosi, ndugu zake wakae kikao kwanza. Wakizisikia habari hizi barabarani, watakataa. Nimeapa. Siku tano tu, kwa mtu aliyetoka mafungoni!

Saa nane mchana, stendi ya Lushoto. Nimemgusia mama muuza pichi tu. Na abiria wa viti vya mbele. Na kondakta, kwa sababu kaniuliza habari. Kumbe Mzee Sefania ni baba yake mdogo! Kafurahi mno, kawapigia simu ndugu zake hapo hapo. Na wala sikuongea, hizo zilikuwa salamu. Mama Selina mwenyewe kaandika kwa kalamu nyekundu.

Simu yangu inaita. Mzee Sefania. Bila shaka anataka kunipongeza kwa utulivu wangu.