Sikio la Pili

Jumatano, tarehe 6 Machi

Binti yangu ni bingwa. Nimeliandika hilo juu kabisa ili daftari likichanika, hilo libaki.

Leo kaniingiza saluni kwake, chumba cha nyuma. Nimesimama mlangoni kinywa wazi kama ghala. Kuna hema dogo jeusi la kitambaa. Mteja anasimama ndani, mwanangu anashika bomba, fyuuu, dawa inatoka kama ukungu wa alfajiri. Mtu aliyeingia kapauka anatoka anang'aa kama sufuria ya shaba iliyosuguliwa. Bila jua! Wenzetu wanajianika siku nzima kuitafuta rangi hiyo, mwanangu anaitoa kwenye chupa! Tumbo lililomzaa ni hili hapa.

Jumamosi anakuja mkaguzi. Akimpitisha, chumba kile ni chake. Asipompitisha, anarudi kufua mataulo. Na amefua mataulo hadi vidole vimekunjamana kama zabibu kavu.

Anataka mtu wa kupakwa mbele ya mkaguzi. Nikasema, nani zaidi ya mama? Kakubali, kwa masharti. Kanipaka tone nyuma ya sikio na jingine kwenye kiwiko, kwa ndani. Eti tungoje tuone kama ngozi inaikubali dawa. Nikamwambia ngozi hii haijawahi kukataa kitu. Akasema, Mama, usiguse, usioshe. Anavyoamrisha! Nilinyoosha mgongo kama niko mbele ya daktari mkuu.

Ila kuna doa. Jirani wa ghorofani, Mama Bangili, naye kapakwa tone. Bangili zake humtangulia kwenye ngazi, unajua anakuja kabla hajajijua mwenyewe. Nikamuuliza mwanangu, huyo wa nini? Eti wa akiba. Kama tairi! Nimecheka hadi nikakaa chini.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Sikio linawasha.

Kidogo tu. Kama sisimizi anapita. Sisimizi na ukoo wake wote.

Nimejitazama kwa vioo viwili. Wekundu! Vipele! Kiwiko vilevile. Ngozi gani hii isiyo na aibu? Miaka yote naisifu, leo inanisaliti mbele ya Mama Bangili.

Nikafikiri haraka. Jioni binti karudi, akasema nimwoneshe sikio. Nikamgeuzia lile jingine. Na kiwiko kingine. Akakunja uso, akasema alidhani alipaka kulia. Nikamwambia ulikuwa umenielekea, mwanangu, kulia kwako ni kushoto kwangu. Halafu akasema atatazama tena kabla ya kuanza kazi, ndivyo alivyofundishwa.

Nani huyo anayewafundisha watoto kutazama mara mbili?

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nimenunua poda. Nikaipaka juu ya vipele, nikajifunga kitambaa kichwani. Baba watoto kauliza mbona nimekuwa kama andazi lililoviringishwa kwenye unga. Huyo hana macho ya urembo.

Mchana binti alinifanyisha mazoezi. Nimeshika mashavu yangu kwa mshangao hadi sasa. Kumbe kupuliza ni mwisho wa safari! Kwanza feni kubwa ya kunyonya hewa, isipowaka hagusi bomba. Kisha barakoa, miwani, glavu. Nikasema, wewe unaenda kupaka watu au kuzima moto? Akasema ukungu ule mteja anauvuta siku moja, yeye anauvuta kila siku, na mapafu anayo jozi moja tu. Nani kamfundisha kusema hivyo mtoto aliyekuwa akila chaki?

Kaniuliza kama nina kidonda, kama kifua kinabana. Nikasema kifua hiki kimebeba ndoo. Akasema hajauliza ndoo. Kanionesha pa kusimama nisiteleze, lini nifumbe macho, lini nizuie pumzi. Kisha akapaka viganja vyangu mafuta mazito. Eti viganja hunywa rangi kuliko mwili wote, na rangi yenyewe hukomaa polepole, baada ya saa nyingi. Kuna hata dawa ya kupaka kwa mkono, nyeupe kama maziwa. Ukiipaka unaona hakuna kitu, unaongeza, unaongeza. Hapo ndipo wengi huumbuka.

Wengi, si mimi.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Mungu wangu.

Mkaguzi ni mwembamba, hatabasamu. Niliingia chumbani kama bibi harusi. Feni ikawaka. Barakoa, miwani, glavu. Binti akaniuliza maswali yote upya, kama hanijui. Kisha akasema nifungue kitambaa.

Nikamgeuzia sikio la kushoto.

Akasema, masikio yote mawili, Mama.

Nikasema lile jingine lina baridi. Hakucheka. Akachukua pamba yenye maji, akafuta. Poda ikatoka. Vipele vikachomoza kama vimeitwa majina.

Nikamnong'oneza, nipake tu, mwanangu, nitavumilia. Mataulo yale! Akavua glavu. Macho yamemlenga machozi, lakini sauti imenyooka. Akasema, "Simpaki mtu ambaye ngozi yake imekataa. Hata akiwa mama yangu."

Feni inavuma. Nikajua nimemrudisha kwenye mataulo kwa mkono wangu mwenyewe.

Ndipo nikasikia kwenye ngazi za saluni: cheng, cheng, cheng.

Tairi la akiba, kumbe binti alimwambia naye aje!

Binti alimtazama sikio, kiwiko, vyote safi kama sahani mpya. Akamwamuru avue bangili zote. Ilichukua muda, zile za juu zilihitaji sabuni. Mimi nikatolewa nje, nikachungulia kwenye kioo cha mlango. Nilikuja kumwonea wivu jirani, nikajikuta simwoni. Namwona mwanangu tu. Mkono unapita juu chini bila kutetemeka, ukungu unamzunguka, unanyonywa na feni, na yeye katikati yake kama mtu anayepaka rangi mawingu. Niliweka kiganja kwenye kioo. Nilisahau hata kujisifu. Mimi!

Kapita. Mkaguzi amesema alishaamua tangu aliposikia "masikio yote mawili". Akatabasamu, meno anayo.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Nimewaeleza majirani wote ukweli: vipele nilivificha makusudi, kumjaribu mtoto. Bila mimi mkaguzi angeona nini? Binti kanitazama tu, kisha kanikumbatia. Akanionya nisiiguse dawa ile tena maishani. Nimeapa. Haitagusa ngozi yangu.

Lakini Mama Bangili tangu asubuhi anapanda na kushuka ngazi bila sababu, anang'aa hadi ngazi zinang'aa. Ukoo wetu ukae umepauka?

Binti katoka. Mkoba kauacha. Ndani kuna chupa ya ile nyeupe kama maziwa.

Baba watoto yuko kwenye kochi, usingizi wa baada ya chakula, amelalia shavu la kulia. Ngozi yake ni ngumu, haina haja ya tone nyuma ya sikio. Kesho ana kikao na wakubwa wake kazini. Lazima ang'ae!

Madirisha nimefunga ili dawa isipotee hewani. Glavu zilikuwemo mkobani, lakini zinanibana vidole. Nimempaka vizuri, upande wote ulio juu, kwa viganja vyangu hivi hivi.

Sioni kitu. Nimeongeza. Bado. Nimemalizia chupa.